Gari Hupimwa na Mzigo Wake

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja mjini Shinyanga, nilikimbilia spana kubwa kuliko zote. Fundi Mkuu, mzee mwenye sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe, akaninyang'anya.

"Weka chini hiyo! Papasa tairi kwanza."

Nikapitisha kiganja juu ya uso wa tairi. Kwenda ndani kulikuwa laini, kurudi nje kukanikwaruza.

"Umesikia? Hilo linakimbia huku linaburuzwa. Magurudumu ya mbele hayaangalii njia moja."

Jamani, nilifurahi! Kumbe mkono mtupu unaweza kujua gari linaumwa wapi. Kuyarudisha magurudumu yaelekee sawa ndiko mafundi tunakoita alaimenti, na tangu siku ile sikutaka kazi nyingine.

Baadaye nilihamia upande wa Kahama, kwa mkandarasi wa magari jirani na mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Kule kulikuwa na mashine inayoonyesha vipimo kwenye kioo kama televisheni. Msimamizi wa Karakana hakuiwasha kabla ya kuuliza, "Gari hili linaishi na nini mgongoni?" Likiwa la kubeba tangi la maji, lilipimwa na maji yake. Nilimpenda sana mtu yule, ingawa alikuwa mkali kama pilipili. Kutoka hapo nikaenda mgodi wa Geita, nikawa msimamizi mwenyewe mpaka nilipostaafu na kurudi kwetu Samuye.

Mwaka huu binti yangu Kabula alinijia uso umemshuka. Ana pikapu, hununua dagaa kule Nkome, ziwani, na kuja kuwauza huku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Gari linanikataa. Nikipakia dagaa linatangatanga barabarani, mara kushoto, mara kulia. Shemeji yangu Shija kalijaribu, kwake limetulia tuli. Sasa mama mkwe anasema mikono yangu ndiyo mibovu. Anataka usukani apewe Shija."

"Shija alilijaribu likiwa na mzigo?"

"Yaya, hapana, lilikuwa tupu."

Hapo nikasimama. Damu ilinichemka kama kijana! Mwanangu apokonywe kazi aliyoijenga mwenyewe, nami nipo hai?

Kupima nyumbani kunataka sakafu iliyo sawa, na udongo wetu mweusi wa mbuga hupasuka ovyo. Nikaomba uwanja wa saruji wa mashine ya mpunga, kina mama wakasogeza mpunga wao. Mama Shija, mkwe wa Kabula, naye akaja kushuhudia, mikono kifuani.

Nikakagua upepo wa matairi, nikapiga jeki na kutikisa magurudumu nione kama jointi zimelegea. Zilikuwa nzima. Nikashusha gari, nikanyoosha usukani na kuufunga kwa kamba. Kila ubavu nikakaza mshipi wa kuvulia, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, umbali sawa kulia na kushoto. Kisha nikapima kwa rula kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma. Magurudumu ya pikapu ile yanatakiwa yakaribiane mbele kidogo tu. Na ndivyo yalivyokuwa.

"Si nilisema?" Mama Shija akaguna. "Gari zima."

Nikacheka kwa raha. "Bado, Mama Shija. Jamani, tupakieni magunia!"

Tukapakia mpunga hadi ukafikia uzito wa dagaa wake, Kabula akakaa kwenye kiti cha dereva. Tukalisukuma mbele na nyuma ili springi zitulie, nikapima tena. Nyuma ilikuwa imelala, pua imeinuka, na magurudumu ya mbele yametanuka kama miguu ya bata!

"Njoo, Mama Shija, shika rula mwenyewe."

Akainama, akapima kulia, akapima kushoto. Akanirudishia rula. Mimi nikaingia chini, nikazungusha tairodi, vile vyuma vinavyosukuma magurudumu, kidogo na kwa usawa pande zote mbili ili usukani usikae upande. Nikakaza nati, tukasukuma tena, nikapima tena. Safi!

Tukatoka na mzigo wetu hadi lami, mimi kando ya Kabula. Pikapu ilinyooka mpaka akaanza kuimba. Nilipiga dashibodi na kushangilia kama shabiki aliyeona goli, nikasahau magoti yanayoniuma.

Vijana, mimi nilidhani kustaafu ni kukaa kivulini na kuhesabu ng'ombe. Ufundi hauna habari na pensheni. Furaha niliyoipata kwenye saruji ile sikuwahi kuipata mgodini, kwa sababu safari hii gari lilikuwa la mwanangu.

Tuliporudi, Mama Shija alikuwa bado amesimama palepale. Akanifungulia mlango na kunipungia mkono nishuke. Nikashuka. Akapanda yeye, akajifunika vizuri khanga yake magotini.

"Nkome sijawahi kufika," akamwambia Kabula. "Kesho tunaondoka saa ngapi?"