TV ya Mama Iliyoenda Shule

Enzi zetu kule Awendo, mji wa miwa, mtoto ambaye hajawahi kuchomoa muwa kwa trekta inayotembea hakuwa mtoto, alikuwa mgeni. Tuliruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka vumbi inaingia meno. Jioni ni nyoyo, mahindi na maharagwe, watoto wote sahani moja, na mwenye mkono mzito analala njaa. Nikiwaambia wajukuu, wananiuliza mimi nyanya yao, "Dani, kwani chips hazikuwa?"

Lakini kwetu kulikuwa na maringo. Baba alikuwa anafagia ofisi fulani, na ilipofungwa akapewa kioo cha kompyuta. Kioo tu! Kompyuta yenyewe ilienda na wenyewe. Mama akakiweka mezani, akakifunika kitambaa chake cha krosheti cha maua ya manjano, vile matajiri walifunika TV zao. Wageni wakaamini. Wakiuliza mbona haiwashwi, Mama anajibu, "Stima iko njiani." Na mimi natembea shingo juu, mtoto wa nyumba yenye TV.

Halafu radi ikapiga shule ya upili ya dada yangu Achieng, na mtihani wa kompyuta uko mlangoni. Kompyuta yao ya pekee ilipona, kioo chake kikaungua. Mwalimu akasema bila kioo hakuna mtihani. Achieng alilia mpaka uji wake ukashika ngozi. Asubuhi Mama akamwita mwalimu nyumbani, na majirani wakafuata, si mnajua majirani. Mama akashika kitambaa mbele ya wote, akavuta.

"Yawa, Min Achieng!" jirani yetu Min Otieno, mamake Otieno, akacheka akishika mbavu. "Kumbe TV yenu ni kipofu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaweka kata kichwani, akapandisha kile kioo kizito kama jiwe la kusaga, akaenda nacho shule. Sisi nyuma.

Huko waya ikakataa. Kioo chetu kilikuwa cha kompyuta ya aina ingine, mdomo wa waya yake una pini safu mbili, na ya shule inataka safu tatu. Mwalimu akakata mdomo wa kile kilichoungua, akauunga kwa waya yetu, uzi kwa uzi. Picha ikatoka kijani tupu. Akabadilisha nyuzi. Ikatetemeka, ikatulia. Herufi hizo! Achieng akafanya mtihani, akapita, na leo anafundisha kompyuta Homa Bay.

Siku ile tukirudi, Min Otieno akaita kutoka kwa ua, "Na meza yako sasa iko uchi?"

"TV yangu imeenda shule," Mama akamwambia bila kusimama. "Yako iko wapi?"

Siku hizi kioo cha simu kikipata ufa kidogo, mjukuu ananuna mpaka anunuliwe ingine. Achieng aliniletea TV kubwa, nyembamba, inaonyesha dunia yote. Naifunika kitambaa kile kile cha Mama, lakini kila mara kinateleza chini. Haina mgongo wa kukishika. Na haijawahi kumpitisha mtu mtihani.