Nguo Asizofua Mama Gidion

Miaka kumi na mmoja Naisiae, mama Gidion, amefua nguo za wageni kwenye hoteli moja ya Usa River, na siku aliyoitwa mwizi hakulia. Wenzake walilia. Yeye alikaza kanga kiunoni akauliza ni nani aliyesema.

Waliosema ni mke na mume, wageni waliotoka kisiwani kupiga mbizi. Huko kisiwani walikuwa wameibiwa kweli. Wako chini ya maji wanatazama samaki, mtu akapita ufukweni akabeba viatu vyao na miwani ya jua. Basi wakaja Usa River wakiwa na jeraha lao, na kila aliyewasogelea wakamtolea macho kama kuku mwenye vifaranga. Siku ya pili saa ya mume ikapotea, ile ya kuvaa majini, inayomwambia mpiga mbizi amefika kina gani. Asubuhi ilikuwepo. Nguo chafu zikachukuliwa, saa haipo. Mwizi akawa amepatikana hata kabla hajatafutwa: mfuaji.

Meneja Nathanael, kijana wa Kikatiti, akawapanga wafanyakazi wote kwenye majani mbele ya mapokezi.

"Marahaba, mwanangu," Naisiae akamwambia.

Nathanael akababaika. "Sijakuamkia, mama."

"Nimeona. Nimeitikia mapema, isije ikasemwa na shikamoo yako nimeiba."

Wapishi wakaangua kicheko. Nathanael akakunja uso. "Mama Gidion, acha mzaha. Wewe na Nice ndio mliochukua nguo za chumba namba sita. Leteni mikoba yenu, ifunguliwe hapa hapa wageni waone."

Nice, binti anayefua naye, alishaanza kwenda huku anafuta machozi. Naisiae akamshika mkono. "Simama. Wewe umeiba?"

"Sijaiba, mama."

"Basi unakimbilia wapi?" Akamgeukia meneja. "Mkoba wangu utafunguliwa, baada ya mizigo yao. Mimi kitu kikipotea kwangu naanza na chini ya godoro langu, siendi kumpekua jirani."

"Mama, hawa ni wageni!"

"Na mimi ni mbuzi? Huyo mpishi wako Ezra ameshapiga simu kijijini kwetu Akheri, mtazame anavyoficha simu kwenye aproni. Jioni nikifika nyumbani, hadithi imeshakaa sebuleni inaninywea chai. Mwanangu ataitwa mtoto wa mwizi mpaka na yeye awe na wajukuu. Kwa hiyo tafuteni sawasawa, na muanzie kwao."

Mgeni akauliza anasema nini huyu. Nathanael akamtafsiria robo. Mke wa mgeni akajibu haraka haraka, akionyesha kwa mikono.

"Anasema waliificha saa ndani ya mfuko wa nguo chafu, wakiogopa kuiacha wazi," Nathanael akaeleza. "Kisha wakasahau, na mfuko mkauchukua."

"Mfuko gani?"

"Wa bluu."

Naisiae akacheka mpaka akashika mbavu. Hata Nice aliziba mdomo.

Mfuko wa bluu haukuchukuliwa na mtu. Naisiae aliufungua kidogo tu, akaona chupi, akaufunga upesi kama aliyekuta nyoka. Kwao mtu mzima mwenye afya hufua chupi yake mwenyewe. Kumpa mama wa watu ni kumvunjia heshima, na hoteli inalijua hilo, imebandika karatasi nyuma ya kila mlango, mahali ambapo wageni hutundika taulo. Naye akauning'iniza mfuko kwenye kibaraza cha nyuma, kwenye msumari, na wageni wenyewe wakaja wakatandaza juu yake nguo zao za mpira za kupigia mbizi ili zikauke.

Wakaenda wote, msafara kama wa harusi. Nguo za mpira zikaondolewa, mfuko ukaonekana, na ndani yake saa, imejaa mchanga wa kisiwani.

"Basi, yamekwisha," Nathanael akasema kwa sauti ya chini. "Mama, twende ofisini tuyamalize."

"Niliitwa mwizi ofisini? Sema hapa."

Akasema.

"Wa mwisho kule hawajasikia."

Akapaza sauti: Mama Gidion hakuiba, Nice hakuiba, tumewakosea, mtusamehe.

"Haya. Ezra, mwanangu, piga tena Akheri. Fungua spika tukusikie wote. Usiruke neno, na lile la chupi uliseme."

Ezra akapiga, jasho likimtiririka. Huko Akheri sauti ya mwanamke ikasikika ikicheka, ikiita wengine waje wasikie.

Mgeni akamsogelea Naisiae, mwekundu kama nyanya, akimnyooshea ule mfuko wa bluu kwa mikono miwili. Pengine ndivyo alivyoomba radhi. Naisiae hakuupokea.

"Nathanael, huyu mtafsirie yote, usimpe robo. Mwambie ndoo iko nyuma ya jiko. Sabuni nitamletea mimi."