Kumpisha Baba Mkwe

Ukitaka kumkasirisha mzee Ambilikile, mwambie mila zimepitwa na wakati. Atakutazama kuanzia ndala mpaka kofia, kisha atakuuliza baba yako ni nani. Ndivyo alivyo, wala sisemi kwa ubaya. Ujanani alibeba magunia pale Itungi, bandari ilipokuwa na meli za kusubiriwa. Baadaye akarudi kwenye kokoa na mpunga wa marehemu baba yake, akalea watoto, akamzika mkewe, akawa mzee wa kanisa. Hajawahi kugombea mpaka wa shamba na jirani yeyote. Ila kwenye mila, jamani, mzee yule alikuwa kisiki.

Mila aliyoishika kuliko zote ni ya mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwanao hakutazami usoni, hasemi nawe, hatamki jina lako. Mkikutana njiani, yeye anashuka pembeni akupishe, nawe unageuza uso kana kwamba hujamwona. Baba mkwe hashuki, mkwe ndiye anayeshuka. Siku hizi familia nyingi zimelegeza kamba. Mzee anachinja kuku, anamwita mkwe, wanakula pamoja, na kesho yake wanaamkiana kama watu. Isaya, mwanawe, alimwomba afanye hivyo tangu alipomwoa Lusungu, binti wa kutoka kijiji cha Njisi.

"Tukishavuna," mzee alisema. Wakavuna. "Basi tukishamaliza kokoa." Kokoa nayo ikaisha. Kuku wakazidi kuzurura uani, na Lusungu akaendelea kumwekea baba mkwe chakula kwenye kigoda na kuondoka kabla hajatokea.

Na mzee alimpenda mkwe wake, hilo lieleweke. Alimjua kwa mkono wake wa kupika, kwa nyimbo zake akipandikiza mpunga, kwa kicheko alichokisikia ng'ambo ya ukuta. Alipoambiwa kwamba Lusungu ni mjamzito, alikwenda zake shambani akacheka peke yake katikati ya migomba. Lakini kumwambia hongera hakuweza. Alimtuma Isaya.

Sasa masika yale mvua ilinyesha mpaka watu wakachoka kuisema. Ziwa lilikuwa limeshapanda tangu mwaka wa nyuma, limemeza mchanga wote na kuingia kwenye michikichi. Mito ikishuka kutoka milimani na kukuta ziwa limejaa, itayapeleka wapi maji yake? Iliyarudisha kwa watu. Barabara ya kitongoji ikazama, pande zote mbili maji matupu. Wenyewe waliifuata kwa mazoea tu, na kwa kuwa katikati maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, wakasema hiyo bado ni barabara. Tuna ujasiri wa ajabu sisi, na maji yanaujua.

Asubuhi moja mzee Ambilikile alikwenda kutazama kokoa zake. Alipofika kwenye kalavati akapima njia kwa fimbo, kama kawaida yake. Upande wa ziwani fimbo ikazama yote. Maji yalikuwa yameula ukingo kwa chini, pamebaki shimo, na juu maji yametulia huwezi kujua. Desturi ni kuchomeka tawi bichi mahali kama hapo, kila apitaye aone. Lakini hapakuwa na mti karibu, ni majaruba tu. Akasema atakata tawi huko shambani alichomeke akirudi. Alikuwa mtu wa kutimiza neno, maana alirudi kweli na tawi la mpera begani.

Alipolikaribia kalavati, akamwona Lusungu anakuja mbele yake na ungo wa ndizi kichwani. Nyuma yake, mbali kidogo, Godwin wa baiskeli za abiria alikuwa akikokota baiskeli yake majini. Lusungu naye akamwona baba mkwe. Akainamisha uso, akatafuta pa kushuka. Mzee alikuwa anatembea upande wa majaruba, kwa hiyo yeye akaelekea upande wa ziwani.

Mzee aliona kabisa anakokwenda. Akafungua kinywa. Lakini aite nani? Jina la Lusungu halijapata kutoka kinywani mwake hata siku moja. Angesema "wewe", angesema "simama", angepiga hata yowe la kijinga, nani angemlaumu? Baada ya miaka yote ile ya ukimya, kilichotoka ni kikohozi. Alikohoa kwa nguvu, akidhani anamwonya.

Loo, mzee wa watu. Mkwe gani wa Kinyakyusa hajui maana ya kikohozi cha baba mkwe? Maana yake ni kwamba ninapita, fanya haraka. Lusungu akafanya haraka. Akakanyaga ukingo ambao haukuwepo, akazama yeye na ungo wake.

Maji yakambana kwenye zege lililovunjika, mguu ukiwa chini yake. Mzee alikimbia mpaka ukingoni, akamnyooshea tawi. Mkono wake wa pili ulikuwa mtupu na ungemfikia, ila alinyoosha tawi. Lusungu akalishika, majani yakamchomoka viganjani. Godwin ndiye aliyetupa baiskeli, akaruka na kumkumbatia kiunoni, akamtoa. Hospitalini mguu waliufunga. Mimba hawakuweza kuiokoa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa mzee Ambilikile mjukuu hakuja, yalikuja majuto tu.

Lusungu aliporudi nyumbani, mguu wake mmoja ulikuwa umepinda na hakuweza tena kuinama kwenye mpunga. Mzee akachinja kuku siku hiyo hiyo. Jogoo mkubwa, kama vile ukubwa ungesaidia. Akamwita. Lusungu akaja, akakaa ameuelekea ukuta, kanga imemfunika kichwa. Isaya akakaa kati yao. Tangu ajali alimwamkia baba yake asubuhi na jioni, zaidi ya hapo hakuwa na neno naye.

"Kula, mwanangu," mzee akasema.

Lusungu hakugeuka. Akamwambia mumewe, polepole, "Mwambie baba nimeshiba."

Mpaka leo mzee hajui kama ile ilikuwa heshima au ilikuwa kitu kingine. Na hana wa kumuuliza.

Masika yaliyofuata barabara ikazama tena. Safari hii matawi yalichomekwa kuanzia kisimani mpaka kwenye michikichi, kushoto na kulia, na kila mtu alijua ni kazi ya nani. Wapitao walimwambia ndaga fijo, asante sana, naye aliitikia bila kuwatazama. Asubuhi moja, akiwa katikati ya maji hayo, akamwona Lusungu anakuja na mkongojo. Akamwona anasita, anainamisha uso, anatafuta kwa ncha ya mkongojo mahali pa kushukia.

Mzee hakuita wala hakukohoa. Alishuka yeye. Aliingia kwenye jaruba na viatu vyake, akasimama kwenye tope, uso ameugeuzia kwenye mpunga wa watu. Nyuma yake mkongojo ukapita, polepole, hausimami. Alisubiri mpaka hakuusikia tena, ndipo akatazama chini. Maji upande ule yalimfika magotini. Na siku ile ya kalavati, mzee angeshuka yeye, yangemfika hapo hapo.