Pumzi ya Nangila Mkononi mwa Nyamai

Fuu. Kimya kifupi, kisha fuu tena. Hiyo ndiyo sauti inayowarudia wote waliowahi kufanya kazi na Nyamai katika chumba cha upasuaji: mfuko mweusi wa mpira ukikamuliwa kwa mkono wake wa kulia, na kifua cha mtu asiyejijua kikiinuka polepole mezani.

Wapasuaji walikuja, wakakata, wakashona, wakaenda kunawa. Yeye alibaki kwenye kigoda chake kichwani pa mgonjwa. Hakuwa na mitambo mingi. Kidole kimoja alikiweka kwenye mshipa ulio mbele ya sikio la mgonjwa, sikio lake mwenyewe likasikiliza moyo kupitia mpira uliobandikwa kifuani kwa plasta, na macho yake hayakutoka kwenye rangi ya midomo. Kwa muda huo mtu alikuwa hana pumzi ila ile aliyopewa na Nyamai, na Nyamai aliitoa kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mwingine maji kwa kiganja.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago katika kijiji cha Wamunyu. Nyamai alikua akipiga msasa miguu ya swala wa mbao, miembamba kama njiti, na hapo alijifunza kuwa mti huanza kulalamika chini ya kidole kabla haujavunjika. Alisomea uganga msaidizi, akatumwa huku na kule, kisha akachaguliwa kujifunza kazi ya nusukaputi, dawa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji. Tangu mapema miaka ya sabini aliishi Mbotela, katika nyumba ya baraza la jiji, na mtaa wote ulimjua kama Daktari wa Usingizi.

"Daktari!" Makau, dereva wa lori, alikuwa akimwita kutoka bombani karibu kila jioni. "Mke wangu hanyamazi. Huna dawa kidogo mfukoni?"

"Ninayo. Lakini akiamka, Makau, atauliza aliyemlaza ni nani. Nimtaje nani?"

Bomba zima lilicheka, na mke wa Makau zaidi ya wote.

Kitu alichokiogopa Nyamai hakikuwa kisu wala damu. Kilikuwa chakula. Mtu akilazwa tumbo likiwa limejaa, anaweza kutapika bila kujijua, matapishi yakateremka mapafuni, na asiamke. Manesi waliwaambia watu hivyo kila siku. Lakini ni nani katika mitaa ile ya Eastlands angemwacha mtu wake apelekwe kukatwa akiwa na njaa? Mahamri yalipita chini ya leso, chai ikapita ndani ya mkoba. Na nesi alipouliza, "Amekula?" familia nzima ilijibu kwa sauti moja kwamba hajala.

Kwa hiyo Nyamai hakuuliza hivyo. Alikuwa na swali lake.

Asubuhi moja ya masika, mwaka wa sabini na nane, aliletwa Nangila, binti aliyeuza mahindi ya kuchemsha kando ya Barabara ya Jogoo. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulikuwa umemshika tangu jana yake, na sasa alikuwa anavuja damu. Daktari Gachanja, mpasuaji, alisema mtoto atolewe mara moja. Kwa damu iliyokwisha kumwagika, sindano ya mgongoni isingefaa. Ilibidi alazwe kabisa.

Mama yake, Nakhumicha, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumpokea mjukuu. Alikuwa kwenye benchi, amekumbatia kikapu. Nyamai alitoka akachutama mbele yake, macho yao yakalingana.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Wewe ndiye wa usingizi? Hajatia kitu mdomoni. Nesi nimeshamwambia."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza, nani alimwonea huruma leo?"

Mama alikivuta kikapu karibu.

"Huruma? Mtoto anasukuma tangu jana! Nyinyi wanaume mnajua nini? Mtu asukume kwa nguvu gani, ya maji?" Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na themosi. "Uji wa wimbi. Alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Nilikuwa namimina wakati mlipomchukua." Akamshika Nyamai mkono. "Daktari, nimemuua?"

"Umeniambia, mama. Sasa najua ninakabili nini. Kaa hapa hapa."

Ndani, Nyamai aliinamisha kitanda upande wa kichwa, akauwasha mtambo wa kufyonza, akaushika mkono wa Nesi Wayua na kuviweka vidole vyake kwenye koo la Nangila, juu ya njia ya chakula.

"Akilala tu, bonyeza hapa. Usiachie hata nikisema asante. Achia nikisema achia."

"Tunangoja nini, Nyamai?" Gachanja aliuliza, kisu mkononi.

"Nafunga mlango, daktari."

Wayua husimulia kwamba hakuwahi kuona mikono ya mtu ikitulia vile. Dawa ikaingia mshipani, macho ya Nangila yakajifumba, kifua chake kikasimama kabisa, na katika ukimya ule Nyamai aliupitisha mpira wa kupumulia kwenye koo taratibu, kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kisha fuu. Kifua kikainuka. "Achia." Mara tu Wayua alipoachia, uji ukapanda, wa rangi ya udongo, ukajaa mdomoni, ukakuta njia ya pumzi imezibwa na ule mpira. Mtambo ukaufyonza wote.

Mtoto wa kike akalia. Watu wote waligeuka kumtazama, isipokuwa Nyamai. Yeye alikuwa bado anampumulia mama yake.

Walipomaliza kushona, alingoja. Hata Gachanja hakuondoka. Mkono wa Nyamai ulikuwa umelegea juu ya mfuko, na wote wakauona mfuko ukinywea kidogo, peke yake, halafu ukijaa tena. Nangila alikuwa ameichukua pumzi yake mwenyewe. Nyamai akauondoa mkono wake pale kwa upole, kama mtu anayeachia kidole cha mtoto anayejifunza kutembea. Baadaye alipouchomoa mpira, Nangila alikohoa, akafumbua macho, akanong'ona kitu.

Nakhumicha hakuwa amesogea. Alimwona Nyamai akija, akaitoa themosi kikapuni, akaipakata. Nyamai akachutama tena mbele yake, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha themosi, akasema kwa sauti ndogo mno:

"Ameamka, mama. Anauliza kile kikombe cha pili kiko wapi."