Sindano ya Mama Agathe

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mama Agathe hutia uzi kwenye sindano yake ndefu na kuichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Kazi yake ni kushona magunia kwenye uwanja wa ndege wa Bunia. Wakaguzi huyakata waone kilichomo, naye huyafunga tena, maana nani ataenda Kinshasa bila samaki wa ziwani kwa ajili ya ndugu zake?

Juzi alisafiri yeye mwenyewe. Binti yake alikuwa amejifungua huko, na samaki walikuwa wa mchuzi wa mzazi. Mimi, jirani yake wa mtaa wa Mbunya, nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Tulisimama juani asubuhi nzima, tukisukumwa kama mbuzi.

“Songa, mama! Hapa si sokoni!” akafoka mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa Destin, anayemwamkia kila siku. Akalikata gunia la Mama, samaki wakamwagika. Mama akapeleka mkono kichwani.

“Hiyo sindano inabaki hapa.”

“Destin, weye unanijua.”

“Ndani ya ndege hakuna kujuana, mama.”

Mama akampa sindano. Kisha akavua kitambaa, akafungia samaki humo, akapita mbele ya watu wote nywele zake za mvi zikiwa wazi.

Tulipokaa ndani ya ndege nilimuuliza, “Mama, mbona haukulalamika?”

“Wangenirudisha nyuma ya mustari,” akasema, “na mutoto wangu ananingoja.”