Maganda ya Embe na Mbuzi wa Jirani

Miaka ya tisini, jirani yetu Mmaasai pale Noonkopir alimpa mama mtoto wa mbuzi. Tangu hapo wakaitana Pakine, jina la watu waliopeana mbuzi.

Wiki haikuisha, mbuzi akaanza kuhara. Mama akatwanga maganda ya embe aliyokuwa ameanika juu ya mabati, akayakoroga kwenye uji na kumnywesha, kama walivyofanya kwao Ukambani. Nilimkasirikia. Angemuua! Na mbuzi akifa, wangeitana nani?

Siku chache baadaye jirani akabisha hodi. "Pakine, mbuzi iko aje?"

Sikumngoja mama ajibu. Nikakimbia zizini, roho mkononi. Mbuzi alikuwa amesimama, na chini yake kulikuwa na vidonge vya mavi, vyeusi, vikavu. Nikaviokota vyote, nikampelekea jirani.