Vishikizo Virefu vya Sadoki

Hebu mtazame Sadoki akishuka kutoka Akeri kuingia mjini Arusha: koti la kanisani mwilini, bunduki begani imeviringishwa gunia, na nyuma yake shemeji yake Ephraimu akimtangaza kwa kila wanayepishana naye.

"Huyu ndiye mlinzi wetu! Nyati akinusa koti lake tu, anarudi msituni."

Enzi hiyo ya Mwingereza, nyati wa Mlima Meru walikuwa wakivamia migomba kiza kinapoingia. Wakulima wa kahawa wakachanga, wamfungie Sadoki darubini juu ya bunduki. Ambalo hawakulijua, hata mkewe, ni kwamba macho yake yalikuwa yamechoka. Kile kijino cha chuma mwishoni mwa mtutu, alicholengea ujana wake wote, sasa alikiona kama moshi.

Fundi bunduki, Singasinga mpole aitwaye Harnamu, akaweka mezani vishikizo vya kufungia darubini, vya aina mbili.

"Hivi vifupi, mzee, darubini inalala chini, shavu linatulia kwenye kitako. Lakini itakiziba kijino cha chuma. Hivi virefu vinainyanyua, unachungulia kijino kwa chini kama zamani. Ila shavu halina pa kuegemea. Sasa sema kweli, kijino unakiona?"

Ephraimu akaangua kicheko. "Kalasinga we! Unamuuliza Sadoki kama anaona? Si ukamuulize na mwewe!"

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Sadoki akautazama uso wa shemeji yake ulivyojaa fahari, akalimeza.

"Nakiona vizuri. Nipe virefu."

"Mimi ningekufungia vifupi."

"Virefu, fundi."

Haukupita muda, nyati akaingia kwenye migomba ya Eunike, jirani yao mjane. Sadoki akainua bunduki. Ili aone ndani ya darubini ilimbidi anyanyue shavu, kichwa kikabaki kinaning'inia, na nyati akawa anacheza mle kiooni. Akachungulia chini: moshi mtupu. Akafyatua hivyo hivyo. Risasi ikamkwaruza nyati mgongoni, naye kwa hasira akapitiliza hadi uani, akampasua tumbo ng'ombe wa Eunike, yule mmoja tu aliyekuwa akikamuliwa.

Majirani walipokusanyika, Ephraimu alikuwa wa kwanza kupaza sauti. "Ni yule Kalasinga! Katufungia vitu vibovu!" Wakaitikia wote. Sadoki akainamisha kichwa kwa aibu.

Kulipokucha akachuma jani la isale, akalipiga fundo, akaenda kwa Eunike. Mlimani pale, aliyepelekewa isale hakatai kusamehe.

"Mama Bariki, nisamehe."

Eunike akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, baba. Ila kosa lako hata silioni. Macho yako makali sisi tunayajua. Mwenye kosa ni yule fundi, na huku kwetu hapeleki mtu bunduki kwake tena. Karibu ukae."

Sadoki akafungua kinywa aseme kweli. Eunike, akidhani ni njaa, akamletea bakuli la loshoro, mahindi yaliyopikwa na kutiwa maziwa ya mwisho ya ng'ombe yule. Akala. Akashukuru, akaaga, akapanda zake nyumbani.

Sasa nikuulize wewe uliyenisikiliza: isale ilipokelewa, na neno la msamaha Eunike alilitamka kwa moyo wote. Je, Sadoki alisamehewa?